Msimu Bwawa Letu Lilipogeuka Kijani

Harufu ya bwawa lenye samaki waliokufa haifanani na ya samaki wa sokoni. Ni nzito, imechanganyika na majani yaliyooza, na huingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Niliijua nikiwa mtoto, katika bonde moja pembezoni mwa Bunia, tuliporudi kutoka ukimbizini. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu bado walisalimiana kwa kupimana. Bwawa tulikuwa tumelichimba upya pamoja na jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, Papa Zakaria, mfugaji wa ng'ombe. Vita vilikuwa vimeugombanisha ukoo wake na wetu, na tilapia tuliowafuga humo ndio kitu pekee tulichomiliki pamoja.

Mama alilima kabichi mteremkoni, juu ya bwawa. Mwaka ule wakulima waligawiwa mbolea ya chembe nyeupe, ambayo kwetu huitwa angre. Alipoona konzi moja imenenepesha kabichi, akatia mbili, kisha tatu. Mvua kubwa ikanyesha. Haukupita muda, maji yakawa kijani kizito kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Asubuhi moja tukawakuta samaki midomo juu, wakihema. Jioni walielea, matumbo meupe.

Papa Zakaria alikuja na wanawe wakubwa. "Ni nani alitia sumu mu maji?" aliuliza. Nilishika kitenge cha mama. Neno sumu, miaka ile, lilitosha kuchoma nyumba.

Mama alizunguka bwawa, akaona ukijani umesongamana zaidi pale mfereji wa shamba lake ulipoingilia. Angeweza kunyamaza.

"Papa Zakaria, kuya uone," alisema, akimwita kwenye mfereji. "Hakuna mutu alitia sumu. Ni angre yangu. Nilizidisha, mvua ikaileta huku."

Mzee alitazama mfereji, akatikisa kichwa. "Mama Neema, ungenyamaza, siye tungepigana leo."

Dawa ikizidi huwa sumu. Mbolea iliyokosa mizizi ya kuinywa ilikuwa imelisha ndani ya bwawa vijimea vya kijani visivyohesabika. Vilipokufa na kuoza vilimaliza hewa ya samaki. Familia mbili tulibadilisha maji, tukageuza mfereji, tukapanda matete kati ya shamba na bwawa ili yakamate mbolea inayotoroka. Papa Zakaria alileta samadi iliyooza vizuri, na angre mama akaipima kwa kifuniko cha chupa, kila shina na chake, kamwe si mbingu zikiwa nyeusi. Kabichi hazikupungua.

Leo nafuga samaki wangu mwenyewe. Barabara ya Djugu bado hufungwa kwa mapigano na kufunguliwa tena, na amani yetu bado hutembea kwa kunyata. Lakini maji ya bonde lile najua kuyatunza, na wenzangu wanaolima juu yake nao wanajua. Utotoni mwangu, samaki waliokufa karibu watutie vitani. Sasa mwanangu na wajukuu wa Papa Zakaria wanavua pamoja, na wakigombana, wanagombania nani atangulie kuvuta wavu.