Vipande Vyangu Ukutani

Nyani wa kijijini kwetu Njinjo wa zamani zile hakuwa na adabu. Nilikuwa mtoto, nimekaa juu ya dungu la baba, mahindi yamekomaa, kazi yangu kupiga debe. Dume moja likaja mchana kweupe, likavunja hindi, likakaa kwenye kichuguu likala huku linanitazama. Nikapiga debe. Likala. Nikalitukana kwa Kimatumbi, matusi ya wakubwa ambayo mwenyewe sikujua maana yake. Likavunja la pili. Hasira ikanipanda, nikasahau kuwa niko juu, nikapiga hatua kulifuata kama vile niko uani kwetu.

Mkono wa kulia ukavunjika. Mzee mmoja aliyejua kuunga mifupa akaufunga kwa vijiti vya mianzi, mfupa ukashika, lakini mkono haukutulia tena. Mpaka leo unatetemeka. Harusini sipewi birika la kahawa. Mwalimu alisema herufi zangu ni za kuku aliyepekua majivu, na mimi nilipofika darasa la tatu nikaona nisimchoshe, nikarudi shamba. Mikorosho haihitaji mwandiko.

Nayasema haya ili mjue kwa nini kipanya cha kompyuta kilinishinda. Uzeeni nilipata kazi Lindi mjini, kwenye ofisi ndogo inayokusanya sauti za wazee. Walitaka mtu wa Kimwera, Kimachinga na Kimatumbi. Mimi vyote nasema, na hadithi ninazo. Nikizunguka vijijini na kinasa sauti, nikirudi inabidi zile sauti zikatwe na kupewa majina. Ule mshale kwenye kioo ukawa unaruka kama panzi. Siku moja nilitaka kufungua mazungumzo ya bibi mmoja, nikayafuta.

Fundi wa kompyuta pale alikuwa mama wa Kimakonde, mtu wa Newala, mdomo pilipili.

"Babu, huo mkono unabofya au unatwanga?"

"Unatwanga. Lete kinu."

"Kinu changu kina mwenyewe, mzee wangu, tena hatetemeki."

Alipomaliza kucheka akanifungulia dirisha jeusi, halina picha wala mshale. Unaandika amri, unabonyeza, inatendeka. Nikawa nadonoa kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole, na herufi niliyoigusa ikabaki palepale. Mimi niliyeshindwa na chaki, nikaandika neno na mashine ikatii! Siku ile nilikula muhogo wangu nikiwa nimesimama, kwa furaha.

Sasa amri nyingine ni ndefu kama msafara wa siafu. Ya kukata ukimya mwanzoni mwa sauti, ya kupunguza mvumo wa upepo, ya kubadilisha majina ya faili mia kwa mpigo. Fundi akanifundisha kuziweka, kila moja kipande chake, katika kabati lililoko mtandaoni, nikiwa humohumo kwenye dirisha jeusi. Neno moja linaweka kipande, jingine linaorodhesha, jingine linakuletea, jingine linafuta.

"Na watu wengine wanaviona?" nikamuuliza.

"Ukinyamaza, kipande kinakaa faragha. Mpaka wewe mwenyewe uongeze neno la kukiweka hadharani."

Nikapenda. Nikasema hawa waliotengeneza kabati hili wamelelewa.

Lakini kila kipande kinataka jina. Aliyonipa fundi yalikuwa ya Kizungu, kufika kesho yake yote yameshatoka kichwani. Kichwa changu kinashika vya jando. Sisi tulioingia porini tulifundishwa mafumbo, kila fumbo na jibu lake, yanafuatana, huwezi kulikosea la tatu ukalitaja la nne. Basi nikavipa vipande majina ya mafumbo. Na ndani yake, kwenye ule mstari unaoanza na alama ya reli, ambao mashine inauruka haiufanyii kazi, nikaandika jibu, nipate kukumbuka kipande kina kazi gani. Nilikuwa sikosei. Fundi akipita nageuza kioo.

"Babu, unanificha nini humo? Mchepuko?"

"Wake wawili, na wote wakali kukupita wewe."

Kosa mmeliona. Mimi sikuliona. Niliapa porini kwamba sitayatamka mbele ya mwanamke wala mbele ya mtoto asiyeingia, na sikuyatamka. Nilidhani kuiandikia mashine si kutamka. Tena mwaka huohuo kungwi wangu wa Milola, yule aliyeniingiza mimi, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba macho yake yamekwisha, na fimbo ya jando atanikabidhi mimi. Katika maisha yangu sijawahi kutakiwa kitu kikubwa kama hicho.

Mkuu wa ofisi alikuwa kijana wa kutoka Dar, shikamoo haimkauki mdomoni. Kabati letu lilifunguliwa kwa jina la ofisi, na ufunguo alikuwa nao. Sikujua. Asubuhi moja nakuta wageni, viti vimepangwa, na ukutani pana kioo kikubwa. Kwenye kioo kuna mafumbo. Yangu. Yote, toka la kwanza, kwa mpangilio wake, na majibu chini yake, kila moja na mstari wake.

Binti mmoja mgeni, daftari mkononi, akanigeukia kwa heshima zote: "Shikamoo babu. Hili la tano ni zuri sana. Maana yake nini?"

Mnanielewa? Binti. Ananiuliza mimi la tano.

Sikumwitikia hata marahaba. Nikamfuata mkuu.

"Toa vile."

"Mzee wangu, tulia kwanza. Ni majina tu ya amri."

"Nani kakwambia uviweke hadharani?"

"Amri moja tu, mzee, vyote vikafunguka! Elimu ni ya wote. Na kabati ni la ofisi."

"Kabati la ofisi. Na kinywa changu nacho cha ofisi?"

Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniudhi kuliko kioo. Mtu akikutukana unajua pa kumshika; huyu ananiita mzee wangu huku ananivua nguo. Nikakaa kwenye mashine, wageni wanatazama, nikaanza kuandika neno la kufuta. Mashine inauliza una uhakika, najibu ndiyo. Kipande kimoja, kingine, kingine, kwa kidole kimoja, na ukutani yanapungua. Hakuna aliyecheka. Lilipotoka la mwisho fundi akaniinamia, sauti ya chini, utani wote umemtoka: "Babu, hawa wageni walishachukua nakala. Nisamehe, nilipaswa kukwambia mapema kwamba ufunguo si wako peke yako."

Nikaenda Milola. Nilimkuta kungwi anamenya muhogo wa kuanika. Nikamweleza bila kuficha.

"Nani aliyaandika?" akauliza.

"Mimi."

"Si huyo kijana?"

"Huyo aliyafungua. Niliyaandika mimi."

Akamenya mpaka muhogo ukaisha. Halafu akasema, "Siku utakayoweza kuniapia kwamba huko nje hakuna aliye nayo, njoo uchukue fimbo. Isipokuwa hivyo, watoto wa mwaka huu nitawatafutia mtu."

Nikarudi Lindi kwa pikipiki, kiuno kinaniuma, hasira inaniuma zaidi. Nikamwambia mkuu: waandikie wale wageni, wafute nakala, kila mmoja akiri kwa maandishi. Yeye akanivutia kiti. Akanimiminia chai.

"Mzee wangu, nimewaza. Kufuta haiwezekani, vikishakuwa wazi kuna mashine zinapita mtandaoni kuvizoa. Ila watu wamevipenda sana. Vinakosa kitu kimoja tu, maelezo." Akasogeza kinasa sauti, kilekile nilichozunguka nacho vijijini, akakiweka mbele yangu na kukiwasha. "Tuanze na la kwanza. Unieleze mwenyewe, kwa sauti yako, ili lisipotoshwe."

Taa nyekundu ikawaka. Fundi alikuwa mlangoni, akaangalia chini.

Nilikuwa na maneno, wallahi nilikuwa nayo, ya Kimwera na ya Kimatumbi, na safari hii maana yake naijua. Lakini kile kidude kilikuwa kinasikiliza. Nikafunga mdomo, nikasimama.

"Mzee? Chai yako!"

Nikampita fundi mlangoni, nikashika njia ya stendi. Sijakanyaga pale tena.