Sigara Nene za Sidonia

Methodi alimdhulumu Sidonia, mkewe mkubwa. Aliwaambia wavutaji wa mtaa wa Nkuhungu kwamba sigara fupi nene za nyumbani kwake zinasokotwa na Editha, mke mdogo. Sidonia alikuwa ndani akilainisha majani ya tumbaku kwa maji ya asali, akawasikia wakibishana barazani.

“Nene inaungua taratibu, koo halikauki,” alisema mzee Noeli.

“Mzee wangu, hilo ni gunzi la muhindi. Mashavu yananiuma kwa kuvuta,” alijibu Mustapha.

“Basi nipe mimi, wewe kanyonye pipi.”

Wakacheka. Noeli akamgeukia Editha, aliyekuwa pale barazani, akasema, “Shemeji Editha, mikono yako ina baraka.”

Editha, ambaye hakuwahi kulowesha hata jani moja, akaitikia, “Ahsante.”

Mpaka leo Methodi hajawaambia wavutaji wale kwamba mikono ile ni ya Sidonia. Deni hilo ni lake.