Sayari ya Damaris Yauza Omena Homa Bay

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Damaris Mokeira amepiga magoti kwenye mchanga wa Muhuru Bay, anageuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, iliyotandazwa juu ya wavu. Wateja watatu wamesimama, pesa mkononi, lakini hakuna anayenunua kabla ya kusikia habari za Kikaango.

Kikaango ni sayari. Wanasayansi wanaiita KELT-9b, na Damaris, mwenye miaka 51, anaieleza kama mtaa alikowahi kupanga nyumba. Joto lake, nyuzi elfu nne na mia tatu hivi. Chuma huko hakiishii kuyeyuka, kinakuwa mvuke. Mwaka mzima unakwisha kwa siku moja na nusu.

"Huko mimi ningekuwa na miaka elfu kumi na mbili na mia tano," anasema, "na bado ningekuwa nageuza omena."

Vipimo hivyo alisomewa na bintiye, Linet, kwenye simu, wiki ambayo mvua ilimharibia magunia manne yakauzwa nusu bei kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. "Nilitamani jua kali. Linet akanitafutia."

Mengine alijitilia mwenyewe: kwamba huko omena hukauka kabla haijatoka majini, na upepo ndio unaoipakia kwenye magunia.

Maneno hayo nusura yamponze. Kikundi chao cha wanawake kilialikwa kwenye maonyesho Homa Bay, na msemaji alitakiwa mmoja tu. Damaris, ambaye hakuwa amewahi kupewa kipaza sauti hata kanisani, aliitaka nafasi hiyo hadi akakosa usingizi. Mwenyekiti, Roselyn, akakataa.

"Mama Linet, hadithi zako ni tamu," alimwambia mbele ya wenzake. "Lakini ukiambia watu mwaka ni siku moja na nusu, gorogoro zetu za kupimia nani ataziamini?"

Habari ya upepo hakuna aliyeipinga. Mmoja hata aliuliza kama upepo huo unashona magunia pia.

Damaris akaomba aitwe mwalimu Ogeto, anayefundisha fizikia. Ogeto akaja, akafungua simu, akasoma polepole. Joto, kweli. Chuma, kweli. Mwaka, kweli. Kisha akauliza omena imeingiaje.

"Hiyo ni yangu, mwalimu. Sayari nzima haina biashara, niliihurumia."

Roselyn alicheka mpaka akakalia beseni la omena mbichi. Alipoinuka, nafasi ilikuwa ya Damaris.

Homa Bay, magunia kumi yaliisha kabla ya chakula cha mchana. Aliyepima gorogoro, huku akiita watu waje wasikie Kikaango, alikuwa Roselyn mwenyewe.

Sasa Damaris anaweka akiba ajenge vichanja vya kuanikia, mvua isiikute tena omena mchangani. Leo ataanua mapema, maana ni Msabato, na jua likizama kazi imekwisha.

"Kikaango upande mmoja jua halizami kabisa," anasema, akipukuta magamba viganjani. "Nikipata vichanja vyangu nitakuwa na nafasi ya kukaa chini, nijue Sabato ya huko inaanza saa ngapi. Homa Bay wameshaniuliza, na mwaka ujao narudi na jibu."