Muhra Aliyefunzwa kwa Kanga

Babangu alimleta nyumbani kwetu, mji wa Ibra, Omani, katika pikapu ya kubebea mbuzi: muhra wa kijivu, farasi jike mdogo ambaye umri wake wa kupandwa ulikuwa bado. Alikuwa mfupi, tumbo nje, lakini kichwa chake kilikuwa kizuri hata ukadhani kimeazimwa kwa farasi mwengine. Ami yangu, aliyefuga farasi wa mbio, alimtazama akacheka.

"Huyu hatokimbia."

"Sikumtaka akimbie," baba akajibu. "Nataka aonyeshwe."

Watu wa Ibra wanawajua farasi. Siku za Idi huwatimua wawili wawili, wapandaji wameshikana mikono. Lakini mashindano ya uzuri, ambamo farasi huongozwa mbele ya waamuzi, akatembea, akakimbia kidogo, kisha akasimama kuangaliwa, yalikuwa mageni nyumbani kwetu.

Kakangu, karani wa benki, ndiye aliyepewa kazi ya kumwongoza uwanjani. Aliyemlea ni mama. Mama kazaliwa Unguja mjini, na Kiarabu kilikuwa bado kinamtoa jasho. Sokoni alisema kwa sauti ya chini, maana wapo waliomcheka matamshi yake. Bandani aliuachia ulimi. Alimchana yule muhra huku akimpa habari za mtaa wa kwao, nani kaolewa na nani kaachwa. "Tulia, bibie. Hebu inua kichwa. Ehee, hivyo hivyo."

Mara ya kwanza tulimpeleka Sur. Upepo wa bahari ulikuwa ukizipiga bendera, na alipoziona akaruka, akamburuta kakangu na dishdasha yake, kanzu nyeupe, kisha akajilaza akagaragara mchangani mbele ya waamuzi. Tukampakia, tukaondoka. Tulipokwisha kuuacha mji, baba akaanza kucheka peke yake, na gari zima likamfuata.

Kesho yake mama alitundika kanga zake zote uani, kwenye kamba mbili, akawa anampitisha muhra katikati huku zinapepea. Siku za mwanzo alitetemeka. Baadaye akawa anasimama kuzinusa, na moja akaitafuna pindo. Msimu huohuo, hapohapo Ibra, akatoka wa tatu.

Wakati wa baridi tukaenda Nizwa. Alitembea vizuri, akakimbia vizuri, shingo imepinda. Lakini alipotakiwa asimame, akawa anazunguka tu, masikio kayalaza nyuma. Kakangu alimwamrisha kwa Kiarabu, akambembeleza, wapi! Mwamuzi alianza kugeuka.

Mama akainuka kutoka kwenye viti vya wanawake.

"Bibie! Tulia! Inua kichwa!"

Watu wote wakageuka. Nilihisi uso unaniwaka. Muhra naye aligeuka, akasimamisha masikio, akanyoosha shingo kuelekea ile sauti, akaganda. Mwamuzi alimzunguka taratibu, akainama kumtazama miguu, na yeye hata mkia hakuutikisa.

Alitoka wa kwanza. Mama alifunika mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka, na mimi nilimkumbatia nikipiga kelele kuliko yeye.

Mwanamke kijana aliyekaa nyuma yetu akamgusa bega. Nilidhani anataka kulalamika.

"Shikamoo, mama," akasema. "Sisi kwetu tulikuwa Tabora. Mamangu angekusikia, angefurahi."

"Marahaba, mwanangu! Yuko wapi mamako?"

Yuko Manah, akasema, si mbali. Basi badala ya kurudi moja kwa moja tukapita huko, farasi na kila kitu. Bibi wa nyumba alitutilia kahawa, akaleta na mihogo ya nazi, na yeye na mama walizungumza kwa sauti kubwa, wakikatizana, wakisahihishana majina ya samaki. Baba alikaa kibarazani na kikombe chake, akimwangalia muhra anavyokula majani mabichi shambani mwa watu, utepe wa ushindi bado uko shingoni.

"Tuondoke?" kakangu akauliza.

"Mwache ashibe," baba akasema.