Kilo na Miaka ya Mjukuu Wangu

Mwezi uliopita tulimzika kwao, kijijini Gachoka, yule fundi wa kompyuta wa hospitali yetu ndogo ya hapa Meru. Nililia, wasomaji wangu, lakini zaidi ya kulia niliogopa, na hofu hiyo haijanitoka.

Nilimfahamu siku nilipompeleka mjukuu wangu, kasichana ka miaka mitatu na kilo kumi na mbili, akiwa na homa. Nesi alisoma kipimo cha dawa kwenye skrini, akasita, akamwita fundi. Kompyuta ilikuwa imempangia mtoto dawa ya mtu wa miaka kumi na miwili. Fundi alitazama, jasho likamtoka. Programu iliyokokotoa dawa ilipokea namba mbili tu, miaka kwanza, kilo baadaye. Aliyeandika sehemu inayoipelekea namba hizo alikuwa mtu wa hapa karibu, Kibirichia, na huku kwetu, iwe viazi, maziwa au majani chai, kilo hutangulia kila kitu, naye akatanguliza kilo. "Hii function, hii programu ya kukokotoa, haijui namba ni ya nini, mzee," aliniambia. "Ukiipatia kumi na mbili, inameza tu. Sasa nitaipatia row, ule mstari mzima wa mtoto kwa ile table, jina, miaka, kilo, zote pamoja. Itajichagulia penye imeandikwa miaka." Akaibadilisha mbele yangu. Tangu hapo, kila tulipokutana mjini aliniuliza, "Kasichana kako kako sawa?"

Tunaviamini vitu hivi kwa sababu vinajibu haraka na havionyeshi wasiwasi. Wasiwasi wote alikuwa nao yeye, na sababu ya kila alichokiandika ilikuwa kichwani mwake. Jana homa ilimrudia mtoto. Nilimkuta fundi mpya, kijana mchangamfu, nikamuuliza kuhusu kazi ya marehemu. "Ile ya row nilitoa, mzee. Ilikuwa inafanya system ikuwe slow. Siku hizi ni namba mbili tu, iko fast."

"Ni ipi inatangulia?"

Alicheka. Kisha akageukia skrini kutafuta. Nesi alikuwa tayari ameinua kijiko, nami nikamshika mkono kwa nguvu hata dawa ikamwagika.

Wenzangu, msione haya kuwachelewesha manesi. Kabla dawa haijafika mdomoni mwa mtoto, ulizeni kilo ni ipi na miaka ni ipi. Aliyekuwa akituulizia tumemzika.