Mipira Laini

Juzi, kwenye gereji moja ya Wawi, niliona mipira ya kukalishia injini imepangwa juu ya gunia. Harufu yake ilinirudisha uani kwetu Jadida, alasiri ile baba alipokuwa akibadilisha injini ya gari la kale aliloachiwa na babu.

Fundi Hamadi alimpa mipira migumu. "Hii ndiyo itakayodumu, Mzee Seif."

Baba aliibonyeza kwa kidole gumba, akamrudishia. "Nataka laini. Injini itetemeke huko mbele, kiti cha nyuma kisisikie."

"Laini haimalizi mwaka."

"Na isimalize."

Nilichutama kando ya karai la mafuta machafu, nikinuna. Niliona baba analidekeza gari kuliko anavyonidekeza mimi. Mama alikuwa chumbani, akiguna kila alipojigeuza kitandani, nami nilidhani ni joto tu.

Mama alilipanda gari lile mara moja, kwenda hospitali ya Chake Chake. Siku aliyorudishwa amefunikwa shuka, nililiona likiingia mtaani polepole vilevile, baba akikwepa kila shimo.