Waliokubaliana Kuanguka

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukutana na Mama Filimbi. Yeye hasira zake zimemlisha. Kwa miaka mingi amekaa juu ya kiti kirefu cha chuma kando ya bwawa la kuogelea la umma, kofia imemfunika nusu ya uso, filimbi mdomoni, na katika miaka hiyo yote hajazama mtu hata mmoja. Watoto wakikimbia kwenye vigae vilivyolowa, filimbi. Vijana wakirukia upande wa kina kifupi, filimbi, na maneno makali ya kuisindikiza. Mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe amefokewa, hufokewa na yeye. Meneja amewahi kumwita ofisini amwombe apunguze ukali, na aliyetoka humo ameinamisha kichwa ni meneja.

Kitu kimoja humkera kuliko vyote: mtu kumcheka anayejifunza. Hilo lina historia. Shuleni alikuwa wa mwisho katika kila mbio, na wenzake walikuwa wakimsubiri kwenye mstari si kwa kumpa moyo bali kwa kumwigiza anavyohema. Alikua na kinyongo hicho, akazeeka nacho, wala haoni kwa nini akitupe.

Ndiyo maana watu walishangaa alipojitolea kuandaa mashindano. Nje ya mji kuna ziwa, na kwenye ziwa kuna klabu tatu za kuteleza majini: ya watu wa posta, ya walimu, na ya mtaa wake. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unavaa mbao mbili miguuni, unashika kamba iliyofungwa nyuma ya boti, boti inaondoka, na wewe ama unasimama juu ya maji ama unayanywa. Ukishasimama, unakata kulia na kushoto kuyazunguka maboya sita. Kila mwaka klabu hizo zilishindana, na kila mwaka ziliishia kugombana. Safari moja walimu na watu wa posta walitupiana majaketi okozi pale gatini, watu wazima na vitambi vyao, kwa sababu ya boya moja lililodaiwa kuguswa.

Mama Filimbi akasema imetosha, mwaka huu anaandaa yeye. Mashindano ya kirafiki, raundi nne, wazi kwa yeyote hata aliyeshika kamba jana. Akatunga na sheria yake mwenyewe, akaitangaza gatini kwa kipaza sauti ingawa sauti yake haikukihitaji. Raundi ya kwanza ni ya kupima ulipo. Raundi ya mwisho ni ya kupima ulipofika. Kikombe ni cha aliyepanda zaidi kutoka pale alipoanzia.

"Bingwa akianza na maboya matano na kumaliza na matano, hajapanda kitu," alisema. "Mwanafunzi akianza na sifuri akamaliza na matatu, amewapita mabingwa wote. Mmenielewa?"

Wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa, na kweli walikuwa wameelewa, kuliko alivyotaka yeye.

Aliyekuwa moyoni mwake alipotunga sheria hiyo ni wifi yake. Mdogo wake Mama Filimbi ni fundi wa friji, mtu wa maneno matamu na vicheko, anayeweza kukuambia friji yako imekufa nawe ukamshukuru. Mkewe huoka mikate katika kiwanda kidogo nyuma ya soko. Ni mwanamke mpole, mzito wa mwili, aliyekuwa akiogopa maji hata ya beseni. Mama Filimbi ndiye aliyemfundisha kuogelea, asubuhi kabla bwawa halijafunguliwa, akimshika mgongoni kwa viganja viwili. Hakumfokea hata mara moja, jambo ambalo wafanyakazi wenzake hawajalielewa hadi leo. Baada ya bwawa, ziwa. Baada ya ziwa, mbao na kamba. Akaanguka, akainuka, akaanguka, hadi siku moja akasimama.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Bingwa wa posta alianguka kabla ya kufika kwenye boya lolote. Mwalimu wa hesabu, mwenye vikombe vimejaa kabatini kwake, aliachia kamba kwenye boya la kwanza. Fundi wa friji alianguka kwa mbwembwe, miguu juu, watu wakashika mbavu. Mama Filimbi alikasirika, maana ndiyo kazi yake: akaulaumu upepo, akalilaumu ziwa, akamfokea dereva wa boti kwamba anavuta watu kama anavuta magunia. Kisha akaingia wifi yake. Akasimama, mdomo umebana, akapita boya la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

Gati lote lilicheka na kupiga makofi. Mumewe alimkumbatia na maji yake, akicheka hadi machozi. Kwenye ubao wa matokeo jina lake lilikaa juu ya majina yote, juu ya mabingwa wa klabu tatu. Jumatatu aliipeleka habari hiyo kiwandani, wenzake wakampaka unga usoni, na kwa wiki kadhaa alitembea kifua mbele. Hata mikate, walisema, ilikuwa inaumuka vizuri zaidi.

Raundi ya pili, miujiza. Walioanguka wote walisimama. Raundi ya tatu miujiza ikazidi, na fundi wa friji, aliyeanza na sifuri, akapita maboya matano akipunga mkono. Yeye wifi alipita manne, kisha matatu. Jina lake likashuka hadi chini kabisa ya ubao. Akaanza kwenda ziwani peke yake kila alipopata nafasi. Viganja vyake vilichubuka kwa kamba hadi akawa anakanda unga kwa kutumia viwiko.

"Nakosea wapi, wifi?" alimuuliza Mama Filimbi. "Wenzangu wanapanda, mimi nimekwama. Siku ile niliwezaje?"

Mama Filimbi akamwambia aendelee tu. Alimwonea huruma, na huruma kwake hugeuka hasira upesi, ila hakuwa bado na wa kumshushia.

Alimpata siku chache kabla ya raundi ya mwisho. Tarishi mmoja wa ile klabu ya posta alikuja kuogelea, akaegemea ukingo wa bwawa chini ya kile kiti kirefu, akamtazama juu kwa furaha.

"Mama Filimbi, mwaka huu umetufurahisha. Sheria yako tamu. Raundi ya kwanza tulivyoanguka vile, mimi niliogopa utatugundua!"

"Niwagundue nini?"

Tarishi akadhani anataniwa. "Si tulikubaliana! Ukianza chini, unapata nafasi ya kupanda. Mdogo wako ndiye aliyetukusanya nyuma ya banda la boti, akatueleza hesabu yake. Wote tukaona ina akili. Hata walimu! Ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana nao jambo."

"Wote?"

"Wote. Isipokuwa..." Hapo tarishi akaona uso uliokuwa chini ya kofia, akakumbuka kwamba ana barua za kupeleka.

Mama Filimbi alimaliza zamu yake bila kupuliza filimbi hata mara moja, na waliomjua wakatoka majini wenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alimkuta amepiga magoti jikoni kwake mbele ya friji ya mteja, bisibisi mkononi, anapiga mluzi. Alipandwa na mori hata akasahau kubisha hodi.

"Simama, wewe mtoto."

Fundi wa friji ana mvi, lakini alisimama.

"Nani aliyewaambia watu waanguke?"

Akajaribu kucheka. "Dada, ule ulikuwa mchezo tu. Si ulisema ni mashindano ya kirafiki? Na tumepatana, siku hizi tunakunywa chai pamoja. Ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka watu wajaribu! Nilitaka mtu asiyejua asimame mbele ya anayejua na asichekwe! Nyinyi mmekaa nyuma ya banda mkala njama kama wezi wa kuku, halafu mmeniacha nautukana upepo!" Alikuwa anapiga mlango wa friji kwa kiganja kila baada ya maneno machache, na rafu za ndani zikawa zinaitikia. "Na mkeo? Wote uliwaambia, hadi walimu. Mkeo mwenyewe ukamwacha?"

"Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa."

"Kwa nini?"

"Dada, sema kweli." Akashusha sauti, kama mtu anayeomba aeleweke. "Nani alijua atasimama? Nilidhani ataanguka tu mwenyewe."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amesimama pale na trei mbili za mikate, aproni bado kiunoni, na haikujulikana ameingia saa ngapi. Aliziweka trei mezani taratibu. Akapanga mikate, mmoja baada ya mwingine, ukingo kwa ukingo.

"Kwa hiyo sikuwashinda," alisema.

Mumewe aliiweka bisibisi juu ya friji.

"Nimewaambia kiwandani kote. Wamenipaka unga."

"Navunja mashindano," alisema Mama Filimbi. "Leo hii. Kikombe nakitupa ziwani."

"Usivunje, wifi. Ukivunja watasema ni kwa ajili yangu." Akaivua aproni, akaikunja. "Jumamosi nitakwenda."

Jumamosi ilikuwa shwari, ziwa limelala. Klabu tatu zilikaa pamoja kwenye mabenchi kama harusi moja, wanapeana karanga, wanataniana. Mama Filimbi aliwatazama na hasira ikampanda, maana huo urafiki ndio aliouomba, nao walikuwa wameununua kwa mwanamke mmoja. Akashika kipaza sauti.

"Najua," alisema. "Mlikubaliana kuanguka. Wote. Mkamwacha mtu mmoja asimame peke yake, mkampigia makofi, mkamwacha aende kutangaza. Walimu mpo hapa. Mnafundisha watoto wa watu." Mwalimu wa hesabu akaanza kuikagua kamba ya jaketi lake. "Sheria nimeitunga mimi, na mchimba kisima huingia mwenyewe, kwa hiyo siibadilishi leo. Kikombe kile pale mezani. Atakayekishinda akichukue kwa mkono wake, mimi simpi mtu. Na kila atakayeshika kamba leo ajue namtazama, na namdharau."

Alimwita wifi yake kwanza.

Wifi aliingia majini bila kumtazama mtu. Boti ikanguruma, kamba ikanyooka, akasimama. Akapita la kwanza na la pili. Kwenye la tatu alikata kwa ndani sana, ubao mmoja ukachimba, na ziwa likamchukua kwa uso. Hakukuwa na mbwembwe wala miguu juu. Ulisikika mlio wa mwili kugonga maji, na baadaye kidogo kichwa chake kikaibuka, mdomo una damu.

Hakuna aliyecheka. Dereva wa boti alitaka kumpakia, akakataa, akaogelea hadi gatini kwa mikono aliyofundishwa na Mama Filimbi. Mumewe alikuwa amepiga magoti ukingoni, amenyoosha mkono, tayari amevaa jaketi kwa zamu yake.

"Shika, mke wangu. Pole. Umeumia?"

Hakuushika. Alijishikilia kwenye nguzo ya gati, akamtazama kutoka chini.

"Siku ile ulinikumbatia hapa hapa," alisema. "Ulicheka mpaka ukatoa machozi. Nimekuwa nikijiuliza tangu juzi. Ulikuwa unacheka nini?"

Kila aliyekuwa kwenye benchi la mbele alisikia. Mkono wa fundi wa friji ulibaki umenyooshwa, maji yanaudondokea. Alisema, "Mimi..." kisha akasema, "Unajua..." Mama Filimbi akashuka, akamvuta wifi yake mwenyewe, akamfunga taulo mabegani.

Wengine walipita mmoja mmoja, kimya, kama watu waliopanga foleni ya sindano. Fundi wa friji alibaki wa mwisho. Hesabu ilikuwa upande wake bado: alianza na sifuri, na maboya matano, ambayo alishayapita, yangempa kikombe. Aliingia majini. Safari hii hakumpungia mtu mkono. Boti ikaondoka, akasimama vizuri, mgongo umenyooka, akalielekea boya la kwanza analolijua kama mlango wa nyumba yake. Akaanguka.

Aliibuka anakohoa, ubao mmoja unaelea mbali naye.

"Nimeanguka kweli!" alipiga kelele. "Jamani, safari hii nimeanguka kweli! Haki ya Mungu!"

Watu wa posta walitazamana na walimu. Mmoja akatikisa kichwa. Mwingine, nyuma, akacheka kidogo puani. Fundi wa friji alirudia tena, kwa sauti ya juu zaidi, akiwa peke yake katikati ya ziwa, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kukusanya mikoba yao, kikombe kikiwa bado mezani.

Mama Filimbi alisimama ukingoni. Kazi yake ni kuangalia watu wakiingia majini, na huyu amemwona akianguka tangu anajifunza kutembea. Alimtazama kwa makini, hasira zote zikiwa macho, wala hakuweza kujua.

"Ni kweli au uongo?" aliuliza wifi yake nyuma yake, taulo mdomoni.

"Sijui, wifi."

"Mimi pia sijui," alisema yule mwoka mikate. "Na jioni narudi naye nyumbani."